Mguu wa Kupimia Njia

Nyumbani kwetu asubuhi huanza kwa sauti ya msasa. Nyumba yetu imepakana na lango la mlima, na benchi langu liko pale pale langoni. Mimi hukaa hapo nimebana fimbo katikati ya magoti, nachonga, na mjukuu wangu huketi kwenye kigoda kando yangu akisugua vichwa vya fimbo mpaka ving'ae. Kisha hujipangusa vumbi la mbao na kwenda zake shule. Kazi yangu ni hizo fimbo. Wageni wanaokuja kutembea mlimani huchukua fimbo kwangu wakipanda, wakishuka wanairudisha, isipokuwa wale wanaoipenda wakaondoka nayo. Hao siwagombezi. Hata mimi nikipenda kitu cha mtu huwa mzito kukirudisha. Muulizeni fundi cherehani habari za redio yake.

Mjukuu wangu huyo watu wote humwita Chiriku. Jina hilo alipewa na bibi yake, maana alianza kusema kabla meno hayajaota na tangu hapo hakunyamaza. Mama yake, binti yetu, anafanya kazi mjini, kwa hiyo mtoto tunakaa naye sisi. Bibi yake akitaka kumtania humwita mke mwenzangu.

"Mke mwenzangu, amka! Mume wetu anataka chai!"

Na yeye hujibu kutoka ndani ya blanketi, "Mwambie leo zamu ni yako, mke mkubwa!"

Mimi nakunywa chai yangu kimya. Mwanamume mwenye wake wa namna hiyo atasema nini?

Chiriku mguu wake wa kushoto ni mwembamba kuliko mwenzake, na ni mfupi kidogo. Homa ilimpata akiwa bado anatambaa, ikamwachia mguu huo. Anatembea, anaruka kamba kwa namna yake, na mdomo wake ni mzima kuliko wa wote. Ila akipanda mlima mrefu, mguu huanza kutetemeka kama wa mtu aliyebeba gunia la mchanga, na nyuma ya goti humuuma mpaka anauma midomo.

Sasa wacha niwaeleze habari ya rangi, maana bila rangi hamtaelewa yaliyotupata. Mlima wetu una njia nyingi, na kila njia ina rangi yake, imepakwa kwenye mawe na magogo katika kila kona. Nyekundu ni ya watu wenye mapafu na kamba, wanaokwenda kileleni. Njano ni ya mtu mzima ambaye magoti yake bado yanamsikiliza. Kijani ni ya watoto wadogo, wazee, wajawazito, na kila mtu ambaye mwili wake unamsumbua. Mgeni akifika, hata kama hajui kusoma, anatazama rangi anajua pake.

Anayegawa rangi hizo ni mkuu wa njia, mwanamke mrefu tunayemwita Buti, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona na kiatu kingine, hata arusini. Kila mwaka mvua zikiisha, kabla lango halijafunguliwa, Buti hupima njia upya, maana mvua hula njia. Na namna yake ya kupima ni hii: kila njia inatembewa na yule inayemhusu. Nyekundu wanaitembea wapagazi. Njano wanaitembea akina mama wanaokwenda kuni. Na kijani anaitembea mtu mwenye mguu mbovu. Huyo ndiye tunamwita mguu wa kupimia. Buti humfuata kwa nyuma, hamshiki wala hamvuti, anauliza tu. Mwenye mguu akisema panamshinda, njia si ya kijani. Basi.

"Miguu yangu mimi haifai," Buti husema. "Kwangu kila mahali ni rahisi. Nikipima kwa miguu hii nitaua watu."

Miaka mingi mguu wa kupimia ulikuwa wa fundi viatu mmoja mzee. Alipohamia kwa watoto wake, Buti akaja benchini kwangu, akasimama mbele ya Chiriku.

"Nasikia una mguu mzuri wa kazi."

"Shangazi, huu? Huu ni wa mapambo tu," Chiriku akamjibu, na wote wakacheka. Lakini nilimwona alivyokaa wima. Hakuna mtu aliyewahi kumwomba ule mguu kwa kazi yoyote.

Kulikuwa na njia mpya wakati huo. Vijana walikuwa wameifyeka kutoka langoni, ikapita kwenye miti, ikavuka kijito, mpaka kwenye jabali kubwa tunaloliita Dirisha. Ukisimama Dirisha unaona bonde lote na milima ya ng'ambo. Watu walitaka sana iwe ya kijani, kwani njia ya kijani tuliyokuwa nayo inaishia kwenye chemchemi, na kwenye chemchemi kuna nini? Maji na vyura.

Chiriku naye alikuwa na sababu yake, na hakumwambia mtu. Shule yao hupanda mlima kila mwaka baada ya mvua. Darasa lake huenda juu kwa njia ya njano, na yeye huachwa na watoto wadogo wa darasa la kwanza, wanakwenda chemchemini kutazama vyura. Kuna mvulana darasani mwao, sauti yake kubwa, wanamwita Kengele. Kila mwaka Kengele alikuwa akimngoja pale langoni.

"Shikamoo, Mama Chekechea! Leo utafuta makamasi mangapi?"

"Nitaanza na yako," Chiriku humjibu, na darasa zima huangua kicheko. Jibu analo siku zote. Lakini akirudi nyumbani hufululiza chumbani, na bibi yake hunikonyeza nisimfuate.

Basi njia ya Dirisha ikiwa ya kijani, shule nzima itaipanda pamoja, wakubwa na wadogo. Naye atasimama juu na darasa lake. Ni hilo tu alilolitaka.

Siku ya kupima walitoka mapema, Chiriku mbele na fimbo yake, Buti nyuma na jembe na makopo ya rangi. Kwenye miti alikwenda vizuri. Kwenye kijito alivuka vizuri. Kila kona Buti aliuliza, "Pumzi?" Akajibu, "Ipo." "Mguu?" "Upo." Mguu ulikuwa umeanza kutetemeka tangu kijitoni, lakini alivaa sketi ndefu siku hiyo. Sketi ndefu, mtoto anayependa kuruka kamba! Sisi tulidhani ni heshima ya kazi.

Karibu na mwisho, Dirisha likiwa linaonekana kabisa mbele, njia hushuka kidogo juu ya jabali lililoinama, laini kama meza, kisha hupanda tena. Kando ya jabali hilo kuna shimo lenye vichaka na mawe. Si shimo refu. Mtu mwenye miguu mizima hupita pale bila kukumbuka kwamba amepita. Buti alikuwa amebaki nyuma ya kona, anazibua mfereji wa maji kwa jembe. Chiriku akajaribu kusimama kwenye lile jabali, mguu ukamkatalia. Akajaribu tena, fimbo ikateleza. Akatazama nyuma, hakuna mtu. Basi akaketi chini, akasota kwa makalio, ameshika mizizi huku na huku, mpaka chini. Akasimama, akapangusa sketi.

Buti alipotokea alimkuta amesimama upande wa pili, anatazama mawingu.

"Umepitaje hapa?"

"Nimepita tu, Shangazi."

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu."

"Bila kushika mahali?"

"Bila kushika."

Buti akamtazama, akatazama jabali, akamwamini. Ndiyo kazi ya mguu wa kupimia, kuaminiwa. Akafungua kopo la kijani, akampa brashi. "Haya, alama ya hapa weka wewe mwenyewe. Njia hii umeifungua wewe."

Chiriku akapaka. Jioni nilipotoka benchini nilikuta sketi yake imefuliwa, inachuruzika maji kwenye kamba. Bibi yake akasema, "Umemwona mke mwenzangu? Leo kafua bila kuambiwa. Mtoto amekua." Na mimi nikaitikia, amekua.

Sasa nije kwa bibi yake. Mke wangu alizaliwa ng'ambo ya bonde. Alipoolewa huku alikuwa akirudi kwao mara kwa mara, kisha magoti yakaanza kugoma, na wazazi wake wakafariki, na safari ikakatika. Alikuwa na kawaida ya kusimama mlangoni akitazama mlima wetu kwa hasira, kama jirani aliyemzibia jua. "Huyu ndiye ananificha kwetu," husema. Aliposikia Dirisha limepakwa kijani, aliacha kukuna nazi, akaja benchini na mbuzi ya nazi mkononi.

"Nichongee fimbo."

"Ya nani?"

"Ya mgeni mmoja mnene anayejua kukuna nazi. Nakwenda Dirisha nikaone kwetu."

Nilicheka, nikamchongea. Nilimpa mti mzuri niliokuwa nauficha. Akamuuliza Chiriku, "Mke mwenzangu, mimi nitafika?" Chiriku akasema, "Utafika, Bibi." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini nani alisikia? Nyumba nzima ilikuwa inatafuta viatu.

Walikwenda wawili siku ambayo hakuna shule. Mimi nilibaki na fimbo zangu. Haya ninayosema nimeyasikia kwao wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na yanalingana.

Bibi alitembea vizuri. Alipumzika kwenye miti, akapumzika kijitoni, akaimba kidogo, akautukana mlima kidogo. Walipofika kwenye jabali lililoinama, akaliona Dirisha mbele yake, karibu kabisa, na kwenye pengo akaiona bluu ya milima ya kwao, kipande tu. Halafu akalitazama lile jabali. Akasimika fimbo, ikateleza. Akairudisha.

"Mke mwenzangu, wewe ulipitaje hapa?"

Wajukuu zangu, hapo ndipo penyewe. Hapakuwa na Kengele pale, wala darasa, wala Buti. Palikuwa na bibi yake tu, aliyemlea, anamuuliza njia. Chiriku anasema neno lilimfika mdomoni. Nilisota, Bibi. Lilikuwa hapa, kwenye meno. Lakini akawaza kwamba bibi akijua, Babu atajua, Babu akijua, Buti atajua, na rangi itabadilishwa, na yeye atarudi kwa vyura.

"Nilipita tu, Bibi. Kwa miguu."

"Na mguu huo?"

"Na mguu huu."

Bibi akacheka. "Basi kama wewe umepita na mmoja mbovu, mimi mwenye miwili mibovu inayolingana nitashindwaje?"

Akakanyaga.

Wapagazi ndio waliomleta, kwa machela. Nilikuwa nasugua kichwa cha fimbo nikawaona wanatoka kwenye miti polepole, na mbele yao Chiriku amebeba viatu vya bibi yake. Hakuwa analia. Alikuwa hasemi, na mimi sikuwahi kumwona mtoto yule hasemi.

Hospitali walisema ni mfupa wa nyonga. Daktari, kijana mpole, alinichora kwa kidole kwenye shuka pale ulipovunjika. Akasema utaunga, kwa taratibu, lakini mlima asahau, na hata ngazi za mlangoni aombe msaada. Nikamuuliza kama ataweza kutembea. Akasema, "Ndani ya nyumba, Mzee. Kwa magongo." Nikamshukuru. Sijui nilimshukuru nini.

Tulipomrudisha nyumbani watu walikuja kumpa pole, na kila aliyekuja alikuwa na lake. Mmoja anasema mzee mzima mlimani anatafuta nini. Mwingine anasema njia nzuri vile, watoto wanapita, yeye alikuwa anatazama wapi. Na mke wangu, aliyekuwa hakosi jibu, akawa anaomba radhi. Buti mwenyewe alipokuja, mke wangu akamwambia, "Nisamehe, mwanangu, nimekutilia doa njia yako. Njia haina kosa. Miguu yangu imekuwa ya kijinga." Chiriku alikuwa amesimama na birika la chai. Akaliweka chini akatoka nje.

Siku ile na zilizofuata alisugua fimbo mpaka nikamwambia atazimaliza. Nilidhani ni huzuni, na ilikuwa huzuni kweli, ila sikujua ndani yake mna nini.

Ikafika asubuhi ya shule kupanda mlima. Bibi alimwita kitandani, akamfunga kitambaa chake kichwani, kile cha maua.

"Ukifika Dirisha, nitazamie kwetu. Utaona mlima wenye mabega mawili. Kwenye bega la kushoto kuna mti mmoja peke yake. Uje uniambie kama bado umesimama."

Chiriku akaitikia kwa kichwa.

"Na mwambie mwalimu awashike mikono wale wadogo pale kwenye jabali. Si kwamba ni pabaya. Ni mimi tu."

Langoni palikuwa pamejaa. Mwalimu anapanga mistari, watoto wa darasa la kwanza wanashikana kaptura wasipotee, Kengele anapiga kelele zake. Buti alikuwa mlangoni pa ofisi ya njia na ufunguo wa lango. Mimi nilikuwa nagawa fimbo fupi. Kengele alipomwona Chiriku kwenye mstari wa wakubwa akasema, "Karibu juu, Mama Chekechea!" Na kusema kweli, safari hii alisema kwa wema. Akampisha nafasi kabisa.

Hapo ndipo kitoto kimoja cha darasa la kwanza, kisichana, kile kilichozoea kushika mkono wake chemchemini, kikatoka kwenye mstari wake kikaja kumvuta sketi.

"Dada Chiriku, eti kuna jabali linaangusha watu. Wewe ulipitaje?"

Nilimwona mjukuu wangu akibadilika rangi. Nilidhani ataanguka, nikainuka kwenye benchi. Akakitazama kile kitoto, akatazama ule mstari wote wa makaptura.

"Nilisota," akasema.

"Eeh?"

"Nilisota! Kwa makalio. Nilishika mizizi. Mguu ulikataa." Akageuka kwa Buti, na sasa alikuwa anapiga kelele. "Shangazi, nilisota! Nilikudanganya! Pale hapapitiki na mguu mbovu. Na Bibi aliniuliza, na nikamwambia nilipita kwa miguu!"

Ufunguo wa Buti ulikuwa umeshaingia kwenye kufuli. Akauchomoa.

"Rudia," akasema.

Chiriku akarudia, taratibu, kila neno. Buti hakumpigia kelele. Ingekuwa nafuu angempigia. Alikaa kwenye ngazi ya ofisi, akashika kichwa, kisha akasema kama anaongea na buti zake, "Nimewaruhusu wazee wangapi juu pale? Nimekuwa nikiwaambia, nendeni, ni ya kijani."

Mwalimu akawatoa watoto wadogo kwenye safari pale pale. Wakaanza kulia, maana walikuwa wameahidiwa Dirisha, wamebeba na chakula. Kengele akamtazama Chiriku, na mara hii hakuwa anatania.

"Bibi yako mwenyewe?" akasema.

Hakuna aliyecheka. Na Chiriku akatoka kwenye mstari wa wakubwa.

Buti akafungua lango, darasa la Chiriku likapanda. Yeye akarudi kwa wadogo, wale wanaolia, akawapeleka chemchemini. Kile kitoto kikamshika mkono kama kawaida. Nilimtazama anavyochechemea akiondoka na mstari wake, na kitambaa cha maua kichwani, na mimi machozi yalinitoka. Msasa huo, nilimwambia mgeni mmoja aliyeniuliza, vumbi lake.

Aliporudi alisimama mbele ya benchi. "Babu, nisaidie kumwambia."

"Hapana," nikasema. "Nakupenda, lakini huo mzigo siubebi. Alikuuliza wewe."

Akaingia. Nilisimama ukumbini, nikasikia. Alimweleza bibi yake yote, tangu sketi ndefu mpaka siku ile.

"Nilikuuliza," mke wangu akasema. "Pale pale. Nilikuuliza."

"Ndiyo, Bibi."

"Na siku zote hizi naomba watu radhi kwa ajili ya miguu yangu."

"Ndiyo, Bibi."

"Nenda kaoge, mjukuu. Chakula kipo jikoni."

Mjukuu. Si mke mwenzangu. Chiriku alipotoka hakunitazama.

Buti hakuficha jambo. Alibandika tangazo langoni, akawaambia wageni kwa mdomo wake kwamba alikosea rangi. Kisha akamchukua Chiriku wakaenda kuibadilisha njia. Kumbe rangi ya njano haishiki juu ya kijani. Lazima kwanza uikwangue kwa brashi ya waya mpaka jiwe lionekane. Chiriku alikwangua kila jiwe, na pale kwenye jabali, alama aliyoiweka kwa mkono wake mwenyewe, ilikuwa imeingia kwenye nyufa haitoki yote. Mpaka leo ukiinama unaiona, kijani kinachungulia pembeni.

Walipomaliza, Buti alimleta nyumbani, akaketi na sisi kitandani pa mgonjwa. Akasema, nami nawaambia ninyi kama alivyosema:

"Ningeweza kusema ulidanganya kwa ajili ya kujisifu, ila najua ulikuwa na aibu, na aibu naielewa. Lakini mtu akikuuliza, ‘Unaweza?’ anataka kujua mwili wako unasemaje, si unatamani nini. Ukisema naweza wakati huwezi, unadhani umejidanganya mwenyewe, kumbe kuna mwenzio anakuja nyuma yako, mwenye mguu kama wako, naye atakanyaga pale ulipomwonyesha. Kusema ‘hapa pananishinda’ si unyonge. Ndivyo unavyomlinda anayekufuata."

Chiriku akasema, "Tafuta mguu mwingine, Shangazi. Mimi sifai."

Buti alikuwa anaitikia kwa kichwa. Mke wangu ndiye aliyesema, kutoka kitandani.

"Hapana. Atapima huyu huyu. Mguu wake haujadanganya mtu. Ulikataa, ukatetemeka, ukasema kila kitu. Kilichodanganya ni mdomo. Basi afundishwe mdomo."

Na yeye ndiye aliyechukua kazi ya kuufundisha. Kila jioni Chiriku akirudi shule huingia kwanza chumbani, na bibi yake humuuliza, "Mguu?" Zamani angejibu "mzima" akaenda zake. Sasa akisema hivyo anaambiwa arudie. Mvua zilizofuata alipima njia ya chemchemi, ambayo wote tulidhani tunaijua, akarudi akasema, "Pale kabla ya daraja nilisimama. Paliniuma." Buti akaweka kishikio pale, na wazee wakashangaa kwa nini hakikuwekwa zamani.

Siku darasa lake lilipokwenda tena Dirisha, yeye alikuwa na wadogo wake kwa vyura. Lakini Kengele, ambaye alikuwa amesikia kwa Chiriku habari za mti ule, aliposhuka alipita dirishani kwa mke wangu bila kutumwa na mtu, akasema, "Bibi, kwenye mlima wa mabega mawili, bega la kushoto, mti haupo. Kuna kisiki." Akaenda zake.

Mke wangu alikaa na habari hiyo mpaka jua likatua. Magongo yake yalikuwa yameegemea kitanda. Nimemchongea mimi, ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuchonga, na sipendi kuyatazama. Chiriku akaingia.

"Mguu?"

"Unauma, Bibi. Nyuma ya goti. Tangu darajani."

"Sana?"

"Sana."

"Na mimi," bibi yake akasema, akajisogeza kidogo. "Njoo ukae hapa."

Akakaa. Ule utani wa mke mwenza haujarudi. Mimi naungoja, na najua mtoto anaungoja. Asubuhi nikisikia mke wangu anamwamsha, huwa nashusha msasa nisikilize anamwitaje.